Mama Aliyezikwa Aya ya Nne

Jumatatu, 2 Desemba

Nimefika kambi ya kusahihisha mitihani nikiwa na begi moja, mto wangu mwenyewe na hasira zangu za kila mwaka. Kambi yenyewe ni shule ya bweni. Wanafunzi wako likizo, na sisi walimu mia na ishirini tumerithi vitanda vyao. Changu ni cha chini, na mwenye nacho ameandika kwa kalamu ya risasi kwenye mbao za kitanda cha juu: "Wewe wa juu, leo usinikojolee." Aliye juu yangu ni mwalimu wa miaka hamsini na minane, amebakiza miwili astaafu. Nilipomsomea tulicheka mpaka tukashika mbavu. Havui miwani hata akilala, kwa hiyo namwita Bi Miwani, naye hajakataa.

Mchana tukagawiwa karatasi ya maswali. Nikaisoma, nikaisoma tena. "Andika insha yenye maneno yasiyopungua mia mbili na hamsini kuhusu siku ambayo hutaisahau maishani."

"Jamani, tena?" nikasema kwa sauti, bwalo zima likageuka. "Nani hutunga maswali haya? Ana watoto? Amewahi kuongea na mtoto?"

Watu wakacheka. Nikanogewa. Nikawahesabia kwa vidole: siku ambayo hutaisahau, mara nne tangu nianze kufundisha. Umuhimu wa maji, mara tatu, na anaulizwa mtoto aliyejaza madumu mawili kabla ya kengele ya kwanza. Faida za elimu. Maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba, jadili. "Wangeuliza basi jambo moja tu ambalo mtoto hajawahi kuulizwa," nikasema, "tuone kama hajui kuandika au sisi ndio hatujui kuuliza."

Nilipigiwa meza. Nimelala vizuri.

Jumanne, 3 Desemba

Siku nzima mafunzo ya mwongozo wa kusahihisha. Muundo alama nne, lugha sita, maudhui kumi. Isiyofika idadi ya maneno haipati zaidi ya saba. Joto la kukaanga mtu.

Jumatano, 4 Desemba

Tumeanza. Meza yetu ina watu sita. Kiongozi wetu ni mwanamume mpole anayepigania nusu alama kana kwamba ni shamba aliloachiwa na baba yake. Tumembatiza Nusu. Kwa siku kila mmoja anatakiwa amalize karatasi themanini.

Kati ya themanini zangu, sitini na mbili zimeanza na jua likichomoza na ndege wakiimba. Hawa ndege watakuja kutudai.

Alasiri Nusu akanivuta pembeni penye mtungi wa maji. "Mwalimu, yale maneno yako ya Jumatatu yamefika juu. Mtahini Mkuu ameuliza wewe ni nani. Jopo la watunzi wa maswali lina nafasi moja mwakani."

"Acha utani."

"Mimi nataniaga na alama?"

Miaka kumi na tano nimelalamika juu ya maswali haya. Sasa naambiwa njoo uyatunge wewe. Nimetembea mpaka getini na kurudi, mara mbili, bila sababu.

Alhamisi, 5 Desemba

Karatasi themanini na tatu. Mama amepiga simu. Goti. Mvua imeanza huko kwao.

Ijumaa, 6 Desemba

Sijui niandikeje hii.

Saa nne hivi Bi Miwani aligonga meza kwa kalamu. "Sikilizeni hii, mcheke. Mama ametoka kwenda kumnunulia mtoto daftari, mvua inanyesha, lori likamgonga. Mtoto analia machozi njia mbili mbili. Aya ya nne wamemzika, udongo umefunika. Haya. Aya ya sita, mwisho: 'Ghafla tukasikia sauti ya mama ikituita mezani, tukala kwa furaha.' Amefufuka huyu, na chakula amepika!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, na huku nacheka, sentensi iliyofuata nilikuwa naijua kabla hajaisoma. "Hakika, lisilo budi hutendwa." Akaisoma. Ni hiyo hiyo.

Insha ile nimeiandika mimi.

Niliiandika miaka sita iliyopita, jioni moja, mezani kwangu, nikiwa nimekasirika vilevile. Nilijisemea: kama maswali ni yale yale kila mwaka, dawa yake ni jibu moja. Nikatunga insha ya milango yote. Wakiuliza ajali, mama amegongwa. Wakiuliza elimu, alikuwa anafuata daftari. Wakiuliza maji, badili daftari liwe ndoo. Wakiuliza methali, tulivumilia. Kazi ya mtoto ni kugeuza mistari mitatu ya kwanza na miwili ya mwisho. Mwanzo aliyegongwa alikuwa shangazi. Nilipomaliza nikaona shangazi hatoshi, haliliwi sana, nikamtoa nikaweka mama. Aya ya mwisho nikasahau kuigusa.

Darasa langu lilikariri, likafaulu. Mwaka uliofuata niliitwa kwenye semina ya walimu wa lugha, nikasimama mbele ya watu arobaini nikawasomea taratibu ili wanakili. "Karirisheni hii, hawatafeli," niliwaambia. Nilipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza huyo anayewaita mezani ni nani.

Bi Miwani ameipa alama tano, akaiweka chini. Mimi nimeendelea na zangu.

Jumamosi, 7 Desemba

Zimekuwa tisa. Zote za kituo kimoja, bahasha moja. Mvua imeanza na hapa. Bati la bwalo halina dari, hata ukipiga kelele jirani hakusikii, na leo nimeshukuru.

Jumapili, 8 Desemba

Mapumziko. Nimefua. Bi Miwani ananisimulia wajukuu. Najitia hamnazo.

Jumatatu, 9 Desemba

Arobaini na moja. Kituo kizima kina watahiniwa arobaini na wawili, na arobaini na mmoja wamemzika mama aya ya nne. Nusu amezipanga mezani mstari mmoja, kama mtu anayeanika samaki, akawaita viongozi wa meza nyingine waje waone.

"Huu ni wizi wa mchana," alisema. Sijawahi kumwona amekasirika. "Mtu ameingia chumba cha mtihani akawasomea. Msimamizi, au mwalimu wao, nani anajua. Kikulacho ki nguoni mwako."

Utaratibu tunaujua sote. Kazi zikifanana namna hii ni udanganyifu, na udanganyifu ukithibitishwa, kituo kinafutiwa matokeo. Somo hili na mengine yote. Wanarudia mwaka, kama kwao wataruhusiwa kurudia. Wengi hawarudii. Nimefundisha vya kutosha kujua msichana wa miaka kumi na minne akikaa nyumbani mwaka mmoja kinachofuata ni nini.

Kuna fomu. Inatiwa saini na kiongozi wa meza na shahidi mmoja mwenye uzoefu, kwamba wamelinganisha kazi na kuona zinafanana. Nusu akaitelezesha mezani mpaka mbele yangu.

"Mwalimu, wewe ndiye mkongwe wa meza hii ukimtoa Bi Miwani, naye macho yake yanamsumbua. Isitoshe, Mtahini Mkuu ataona jina lako. Halitakudhuru."

Nilikuwa na nafasi. Niliiona nafasi hiyo kama mtu anavyoona mlango uko wazi. Ningesema tu, "Hebu subiri kidogo." Badala yake nikaanza kujihubiria: nikiingia kwenye jopo, nitaondoa maswali haya ya kipuuzi. Watoto laki ngapi watanufaika, kila mwaka? Hawa ni arobaini na mmoja tu. Na je, ni kweli hawakudanganya? Hawakuandika cha kwao hata mstari.

Nikasaini. Nilisaini kwa mwandiko mzuri, ule wa ubaoni.

Jumanne, 10 Desemba

Sikula. Nikimtazama mtu usoni naona kama anajua. Bi Miwani ameniuliza kama nina homa, nikasema ndiyo, akanipa vidonge viwili, nikavimeza. Hata ugonjwa nimeudanganya.

Nimefikiria sana wale walimu arobaini wa semina. Mmoja wao ndiye mwalimu wa kituo hiki, au amempa mwenzake, na mwenzake kampa mwenzake. Hivi sasa yuko nyumbani kwake anaamini amewasaidia watoto wake. Kama nilivyoamini mimi.

Nyani haoni kundule. Nimefundisha methali hii kila mwaka, na mifano nimetoa mingi, yote ya watu wengine.

Jumatano, 11 Desemba

Leo ndipo nilipoipata karatasi ya arobaini na mbili.

Ilikuwa imebaki chini ya bahasha, ikaangukia fungu langu. Ile moja ambayo haikuwekwa kwenye mstari wa Nusu. Ukurasa wa kwanza ni ule ule: mvua, mama anatoka, daftari, lori. Mwandiko wa duara, nadhifu, wa msichana nadhani. Amefika aya ya nne. Ameandika, "Tulimzika mama yangu siku ya" na hapo amesimama. Kisha amekata ukurasa mzima kwa mistari miwili ya rula, na ukurasa wa pili ameandika hivi, nanakili neno kwa neno:

"Samahani msahihishaji. Mama yangu hajafa. Tuliambiwa tukariri hii lakini siwezi kumzika na leo asubuhi amenichana nywele. Siku ambayo sitaisahau ni ile mama alipokuja shuleni kuniletea sare ya michezo. Anafanya usafi zahanati, akaja na gauni la kazi na viatu vya mpira. Wenzangu wakaniuliza yule nani. Nikasema mtu tu. Mama alikuwa karibu akasikia. Aliweka mfuko juu ya dawati langu akasema asanteni watoto, akaondoka. Nyumbani hakuniuliza kitu. Mpaka leo hajaniuliza. Mimi ninangoja aniulize ili nimwambie kwamba"

Basi. Muda uliisha.

Nilihesabu maneno, maana kazi yangu ni hiyo. Aya aliyoandika mwenyewe ina sabini na machache. Hayafiki mia mbili na hamsini. Kwa mwongozo, mwisho wake alama saba. Na kwa fomu niliyoisaini, hata hizo saba hazipo, kwa sababu kituo kikifutwa kinafutwa chote, aliyekariri na aliyekataa.

Jumatatu ya kwanza nilisimama bwaloni nikasema wamuulize mtoto jambo moja tu ambalo hajawahi kuulizwa. Huyu ameulizwa swali bovu, lile lile nililolicheka, akalijibu kwa ukweli. Kilichomzuia muda wote huo hadi ukurasa wa pili hakikuwa swali. Kilikuwa ni mimi, nimekaa mlangoni na marehemu wangu.

Niliona aibu ambayo sijui niiite nini. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Sakafu ya bwalo ni saruji nzuri sana.

Nikainuka na ile karatasi. Nusu akasema, "Mwalimu, vipi, mbona hujamaliza?" Nikapita katikati ya meza zote, watu wameinamia kazi, mvua inapiga bati, nikaenda maktaba, ambako Mtahini Mkuu ana ofisi yake.

Mtahini Mkuu ni mwanamke mwembamba, mtaratibu, anayenyoosha karatasi kwa kiganja kabla ya kuisoma. Ile fomu ilikuwa juu ya meza yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwalimu wa 'nani hutunga maswali haya'?"

"Ndiyo, Mama. Na insha ile ya kituo kinachotaka kufutiwa matokeo ni yangu."

Hakuelewa. Nikaeleza. Nilianza vizuri, katikati nikababaika, mwisho nikawa naongea kama mtoto aliyevunja kikombe. Semina, makofi, shangazi aliyegeuzwa mama, saini. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Watu hujitolea kuokoa vituo," alisema mwishoni. "Wengine wana ndugu zao humo. Nitajuaje unasema kweli?"

"Naweza kuiandika, Mama. Sasa hivi."

Akafungua sanduku, akatoa kijitabu cha mtihani, chenye mistari, akaniwekea mezani pamoja na kalamu ya bluu. Kalamu yangu nyekundu akaichukua. "Kaa pale. Hakuna kuongea."

Nikakaa kwenye dawati la maktaba, miguu haikuenea, nikaandika. Sikusita hata mara moja. Mvua, daftari, lori, njia mbili mbili. Nikamzika. Nikafika mwisho nikamfufua, kwa sababu ndivyo ilivyo. Dakika ishirini na mbili. Mama yangu mzazi yuko hai, goti linamsumbua, na mimi nimemzika kwa kasi ambayo sijawahi kumwandikia hata barua.

Aliichukua, akaiweka kando ya kazi tatu za watoto, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Aya ya nne umemzika. Aya ya sita anapakua chakula."

"Ndiyo, Mama."

"Baada ya kuiandika uliwahi kuisoma?"

"Hapana."

"Na waliokupigia makofi?"

Nikafunika ile kalamu ya bluu, nikamrudishia.

Akaikunja fomu katikati. "Wizi wa mtihani ni mtu kupewa jibu chumbani. Hawa walipewa miaka kabla swali halijatungwa. Kwa hiyo kituo hakifutwi. Watasahihishwa mmoja mmoja kwa mwongozo, na kazi ya kukariri isiyo na maudhui yake haivuki alama nne. Watafeli insha wengi, lakini masomo yao mengine yatabaki." Akanitazama. "Wewe utaondoka kesho asubuhi. Suala la jopo unajua."

"Najua, Mama."

Nikampa ile karatasi ya arobaini na mbili. Nikamwambia, tafadhali, huyu hakukariri, huyu alikataa. Akainyoosha kwa kiganja. Akaisoma. Akarudi mwanzo akaisoma tena. Hakuniambia ataipa ngapi, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza. Aliiweka upande wake wa meza, si kwenye fungu.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekunja shuka. Nusu hakunipa mkono. Alisimama mlangoni akasema, "Uliniacha nikaita watu waje waone," basi. Ana haki. Bi Miwani amenisindikiza mpaka getini chini ya mwavuli wake. "Mwanangu," alisema, "mimi nimeikaririsha madarasa matatu. Niliicheka ile Ijumaa nikijua ninaijua." Alirudi ndani kusahihisha.

Jumapili, 15 Desemba

Mama ameuliza kwa nini nimerudi mapema. Nimesema kazi imeisha. Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 16 Desemba

Sijamwambia.

Jumatano, 25 Desemba

Nimemwambia. Alikuwa anasugua goti kwa mafuta. Aliuliza, "Kwa hiyo hao watoto wote walinililia?" Nikasema ndiyo. "Na huwajui hata mmoja." Akaendelea kusugua.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Mwalimu Mkuu wetu amepata barua, ameisoma mbele yangu, ameifungia kwenye droo. Nitaendelea kufundisha. Kusahihisha, miaka mitano sitagusa.

Nimeingia darasani kipindi cha tatu. Darasa la mtihani, wanafunzi thelathini na wanane, wengi sijawahi kuwafundisha. Nilikuwa nimejiandaa tangu juzi. Nilitaka kuwaambia ukweli, na nilitaka niwaambie mapema, kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa.

Nikasema, "Kuna insha moja inazunguka mashuleni. Ya mama anayegongwa na lori akienda kununua daftari. Nani anaijua?"

Nilidhani wataogopa. Nilidhani watatazamana, watainamisha vichwa, nami nitawapa moyo waseme.

Mikono ikapanda. Ya dirishani kwanza, halafu ya katikati, halafu nyuma kabisa. Msichana wa mstari wa mbele alisimama kabisa kitini ili nimwone. Nilihesabu mpaka ishirini na sita nikaacha. Mingine ilikuwa bado inapanda. Wote walikuwa wanatabasamu, kila mmoja anataka nimchague yeye aanze kuisema.